Kwenda kwa raidi solo Nairobi ukiwa na kamera: mwongozo kamili

Nairobi ukisema unaenda kwa raidi, zile mashine za kupanda za bustani ya burudani, peke yako watu wanakuuliza kwani umekosana na nani. Usijali hayo maswali. Kama lengo ni picha, kwenda solo ndio njia bora kabisa, juu picha nzuri ya bustani ya burudani inataka mtu asimame mahali pamoja nusu saa akingoja, na hakuna rafiki, mpenzi ama binamu atakayekaa nusu saa akiangalia gurudumu likizunguka. Ukiwa na watu, ratiba ni yao. Ukiwa solo, ratiba ni ya mwanga.

Nitatumia Two Rivers kama mfano, ile mall ya Limuru Road iliyofunguliwa 2017, juu pale kuna lile gurudumu kubwa wanaloliita Eye in the Sky na raidi zingine pembeni zote mahali pamoja. Lakini hatua ni zile zile ukienda Village Market ama ukingoja maraidi ya ASK Show, yale maonyesho ya kilimo na biashara pale Jamhuri, ile ya kila mwisho wa Septemba kuingia Oktoba.

HATUA YA 1: Chagua siku

Hapa watu wengi wanafikiria siku tulivu ndio nzuri, ati Jumanne hakuna foleni. Kwa kupanda, sawa. Kwa picha, hapana. Jumanne utapata viti vitupu, mashine imesimama, na mara nyingine opareta anangoja watu wafike idadi fulani ndio awashe. Bustani bila watu ni vyuma tu vilivyopakwa rangi. Nenda Jumamosi ama Jumapili mchana, na zaidi sana wikendi ya mwisho wa mwezi watu wakishalipwa, ama likizo za shule za Aprili, Agosti na Desemba. Utapanga laini ndiyo, lakini laini yenyewe ni picha.

Halafu angalia msimu. Machi hadi Mei ni mvua ndefu, Oktoba hadi Desemba ni mvua fupi, na Juni hadi Agosti Nairobi inafunikwa na lile wingu la kijivu ambalo linaweza kukaa siku nzima bila kunyesha. Januari na Februari anga ni safi kuliko miezi mingine yote, shida ni kwamba Januari mifuko imekauka, kwa hivyo watu ni wachache. Mimi nachagua Februari. Ila usiogope siku ya mvua fupi: mvua ikinyesha saa tisa na ikakatika saa kumi na moja, sakafu inabaki na maji na kila taa unaipata mara mbili, juu na chini. Hiyo ni zawadi, beba tu mwavuli na mfuko wa plastiki wa kufunikia kamera.

HATUA YA 2: Panga siku ukianzia jioni kurudi nyuma

Hii ndio hatua ya maana kuliko zote, zingine zote zinaitumikia hii. Kuna kama dakika ishirini kila jioni ambapo anga ina bluu nzito na taa za raidi zimeshawaka, na mwanga wa hivyo viwili unalingana. Kabla ya hapo anga inang'aa sana taa hazionekani, baada ya hapo anga inakuwa nyeusi tii na gurudumu linaonekana limening'inia mahali hapajulikani. Kwetu hizi dakika ni chache kuliko kule Ulaya, juu tuko karibu na ikweta na jua linashuka karibu wima, halizungukizunguki kwenye upeo wa macho.

Jua Nairobi linatua karibu saa kumi na mbili na dakika ishirini mwanzoni mwa Novemba, na karibu saa moja kasoro dakika kumi katikati ya Februari. Miezi mingine iko katikati hapo. Sasa ongeza dakika kumi baada ya jua kutua, hapo ndio bluu inaanza, na ndani ya robo saa ama dakika ishirini imeisha. Kwa hivyo Novemba uwe umesimama tayari, tripodi chini, saa kumi na mbili na nusu. Februari, saa moja kamili. Ukijua hiyo saa, rudi nyuma: saa moja kabla ya hapo uwe umeshachagua mahali pa kusimama, saa mbili kabla uwe unapiga picha za watu, na kabla ya hapo uwe umeshapanda raidi zako.

Kufika saa nne asubuhi hakuna haja. Jua la saa sita hapa liko juu ya kichwa, hasa Machi na Septemba, na linaweka kivuli cheusi machoni pa kila mtu. Kofia ikiwepo ndio hata pua huioni. Fika saa tisa.

HATUA YA 3: Vitu vya kubeba

Chache. Simu ama kamera moja na lenzi moja, usibebe mbili uanze kubadilisha vumbi likiingia. Kama ni kamera, lenzi ya milimita 18 hadi 55 inayokuja na kamera inatosha kabisa. Tripodi ndogo, hata ile ya simu ya kusimamisha mezani. Pawabenki. Memori kadi ya pili. Kitambaa safi cha lenzi, na hii siyo mapambo, juu simu ya Nairobi saa zote ina vumbi na mafuta ya chipsi na usiku kila taa itatoka na ukungu. Sweta jeusi ama leso nyeusi, nitaeleza ya nini. Begi liwe la kawaida la mgongoni, lisiandikwe jina la kamera kubwa kubwa, ubebe kamera imefungwa mpaka ukishaingia ndani.

Droni acha nyumbani. Inataka idhini ya KCAA, ile mamlaka ya usafiri wa anga, na mtaa wenyewe uko karibu na Gigiri penye balozi.

HATUA YA 4: Kufika

Magari ya Limuru Road ni 106 na 107, yale ya kuelekea Ruaka na mbele. Mwambie kondakta mapema, "Boss, Two Rivers unishushe," usingoje mpaka upite. Nauli hupanda mvua ikianza ama saa za jioni, uliza kabla ya kukaa. Simu usiishike dirishani ukingoja gari lijae mjini, wanyakuzi wanafika hadi kwa mkono ulio ndani. Na mkipita Gigiri, tafadhali usitoe kamera. Kuna ofisi za Umoja wa Mataifa na balozi kadhaa pale, walinzi wao hawapendi lenzi kabisa na utapoteza saa nzima ukijieleza.

Kabla ya kutoka nyumbani mtumie mtu mmoja ujumbe: naenda mahali fulani, natarajia kurudi saa fulani. Ukifika muwashie lokesheni ya WhatsApp ya masaa nane. Solo haimaanishi kupotea.

HATUA YA 5: Ongea na soja kabla soja hajaongea na wewe

Mtu akipiga picha na simu siku nzima hakuna anayemuuliza kitu. Ukitoa kamera yenye lenzi na tripodi, dakika tano askari yuko hapo. "Hiyo kamera ni ya kazi?" Usikasirike, amepewa hayo maagizo, na pale ni mali ya mtu binafsi, wana haki ya kukukataza. Mimi naenda kwake wa kwanza. Naanza hivi: "Soja, habari ya kazi? Napiga picha zangu za kibinafsi hapa kwa raidi, si za biashara, kuna mahali sifai kupiga?" Mara nyingi atakuonyesha meneja ama atakuambia tu usiweke tripodi njiani watu wanapopita. Baada ya hapo hata ndiye atakuangalilia begi ukiinama. Kama ni kazi ya kulipwa, hiyo ni habari nyingine, andikia ofisi ya mall mapema wakupe ruhusa kwa maandishi.

Tripodi wakikataa, usibishane. Simu iegemeze juu ya ukuta ama pipa, weka taima ya sekunde mbili, kazi inaendelea.

HATUA YA 6: Panda kwanza, kamera baadaye

Hapa wapiga picha wengi wanaruka na ndio maana picha zao zinafanana. Nunua tiketi, panda angalau raidi tatu kabla ya kupiga chochote cha maana. Ukipanda ndio unajua mahali watu wanapiga kelele. Kwa rolakosta watu hawapigi kelele kwa mteremko wenyewe, kelele inaanza sekunde moja kabla, pale kigari kinapochungulia chini, midomo imefunguka na macho bado yanaona. Hiyo sekunde ukiijua umepata picha. Kwa bembea ya minyororo, sura nzuri ziko mzunguko wa kwanza na wa pili, baadaye watu wanazoea na wanatulia.

Ukiwa peke yako waweza kuwekwa kiti kimoja na mtu usiyemjua, sawa tu, msalimie. Kila kitu kilicho mfukoni mwachie opareta ama kiwe kwa zipu. Usijaribu kushika simu kwa rolakosta hata kama umeona watu wakifanya. Ikikutoka mkononi kwa ile spidi inampiga mtu aliye nyuma yako usoni.

Kwa gurudumu ni tofauti, humo panda na kamera. Kwa kaboksi chenye kioo, lenzi iguse kioo kabisa, halafu zungushia lile sweta jeusi pande zote ili taa za ndani zisiakisi. Flashi zima. Shata, yaani muda kamera inaacha mwanga uingie, iwe 1/250 ya sekunde ama fupi zaidi juu mnasonga na mnatetemeka kidogo. Mji uko upande wa kusini na Ngong ni kusini-magharibi, na jioni jua litakuwa upande wa magharibi, kulia kwa Ngong. Kata tiketi ya pili ya gurudumu kama mfuko unaruhusu: moja ya mchana ya kusoma ramani, moja ya jua likitua.

HATUA YA 7: Saa ya watu

Kuanzia saa kumi hadi jua kutua, sahau mashine, piga picha za watu. Mwanga unatoka pembeni, ni wa dhahabu, unaingia machoni. Simama jua likiwa nyuma ya bega lako moja, si nyuma ya kichwa moja kwa moja.

Nenda karibu na vitu vidogo. Pale mlangoni kwa kila raidi kuna ubao wa kupimia urefu, na kuna mtoto ambaye anakosa sentimita mbili tatu. Angalia vile anavyofanya: ananyoosha shingo, anainua visigino kidogo akijifanya hainui, anamwangalia opareta usoni kuona kama ameona, na opareta naye anashusha macho hadi kwa viatu. Hiyo yote inachukua sekunde nne. Ukiwa umekaa chini hapo kwa kimo cha mtoto, kamera tayari, unaipata. Kingine ni mkono wa opareta kwenye kishikio cha mashine: rangi imebambuka pale tu vidole vinapokaa, sehemu zingine zote bado zinang'aa. Piga hiyo. Picha pana ya gurudumu kila mtu anayo, ya huo mkono utakuwa nayo wewe.

Lakini ruhusa. Watoto usipige picha za sura zao bila mzazi kukubali, na usizitume mtandaoni bila hiyo ruhusa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa data ya mtoto, na 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga shule moja faini ya zaidi ya milioni nne kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya hapa Nairobi zaidi ya milioni moja unusu kwa picha ya mteja. Picha za kukaa nazo nyumbani ni jambo tofauti na akaunti inayotafuta wateja, lakini adabu ni ile ile. Enda kwa mzazi, onyesha picha kwa skrini: "Mama, samahani, nimempiga picha kijana wako akipimwa, ona. Naweza kubaki nayo? Nikutumie?" Wengi wanacheka na kutoa namba. Akikataa, futa mbele yake, aone ikifutika.

Shata kwa watu wanaokimbia ama kurushwa: 1/1000. Ukitaka ionekane spidi, shuka hadi 1/30 na ufuate kigari kwa kamera kikipita mbele yako, mwili wote uzunguke kutoka kiunoni, usisimame hata baada ya kubonyeza. Nyingi zitaharibika. Piga nyingi. Kwa simu, bonyeza kitufe bila kuachilia ipige mfululizo, halafu chagua moja.

Na picha zako mwenyewe? Simu kwa tripodi, taima ya sekunde kumi, ama rimoti ya Bluetooth. Ama tafuta familia inayohangaika kupiga selfi ya watu saba, jitolee kuwapigia, halafu waombe wakupigie. Wape kamera ikiwa imeshawekwa kila kitu, waonyeshe tu mahali pa kubonyeza na wasimame wapi.

HATUA YA 8: Zile dakika ishirini

Mahali umeshachagua, sivyo? Tafuta mahali ambapo mbele ya gurudumu kuna kitu kingine, familia, reli, mti, dimbwi la maji, ili jicho lipate pa kuanzia. Gurudumu pekee katikati ya fremu ni kadi ya posta.

Kamera kwa tripodi, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, fokasi ya mkono ikiwa imeshafungwa kwa taa za katikati ya gurudumu. Anza na sekunde nne, angalia, rekebisha. Urefu wa shata unategemea spidi ya raidi yenyewe na hapa ndio watu wanachanganyikiwa. Gurudumu kubwa la utalii linaenda polepole, sekunde mbili hazitaonyesha hata kama linazunguka, lipe nane hadi kumi na tano. Bembea ya minyororo inaenda haraka, nusu sekunde hadi moja inatosha kuipata ikiwa kama sinia inayowaka, ukizidisha watu wanapotea kabisa. Kabla ya kubonyeza hesabu kwa mdomo: kaboksi kimoja kinachukua sekunde ngapi kufika pale cha mbele yake kilipokuwa? Shata iwe angalau hiyo.

Kwa simu, gusa zile taa kwa skrini, shikilia mpaka ijifunge, halafu vuta mwanga chini mpaka rangi za taa zirudi, juu simu ikiachiwa itafanya kila taa iwe nyeupe. Simu nyingi za Samsung, Tecno na Infinix zina modi ya Pro, ingawa si zote zinakuachia shata. Kama yako haina, tumia modi ya usiku ikiwa kwa tripodi. Zoom ya vidole usiguse, sogea na miguu.

Piga fremu moja kila dakika, usihame. Bluu inabadilika na huwezi kujua ipi ndio yenyewe mpaka ufike nyumbani.

HATUA YA 9: Giza likishaingia

Sasa acha anga, rudi kwa sura zilizoangazwa na taa. Wanaongoja kwenye laini chini ya balbu za kibanda cha tiketi wana mwanga mzuri kuliko studio nyingi. ISO 1600 hadi 3200, shata 1/100.

Hiyo 1/100 ina sababu. Stima yetu ni hezi 50, kwa hivyo taa nyingi za bei rahisi zinafifia na kuwaka mara 100 kila sekunde. Ukiweka shata kali kama 1/1000 picha inatoka na mistari ya giza, ama nusu ya raidi haina taa kabisa, na utafikiri kamera imeharibika. Kaa kwa 1/50 ama 1/100. Video pia, piga fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, michirizi itapungua sana.

HATUA YA 10: Kurudi

Ikifika saa mbili usiku funga kazi. Toa memori kadi iliyojaa uiweke mfuko wa ndani, mbali na kamera. Usitembee barabarani na tripodi begani kutafuta matatu, agiza teksi ya apu ukiwa ndani ya mall, angalia namba ya gari kabla ya kufungua mlango, na utume namba hiyo kwa yule mtu wako. Chaji ya simu lazima ibaki, na salio la M-Pesa la kulipia gari litenge mapema kabla hujaanza kununua tiketi.

HATUA YA 11: Nyumbani

Hamisha picha usiku huo huo, kopi mbili, sehemu mbili tofauti. Kuchagua ngoja kesho. Usiku wa kwanza unapenda kila kitu.

Chagua kumi ama kumi na mbili, si mia. Ziwe na mchanganyiko: moja pana ya kuonyesha mahali, tatu nne za watu, mbili za vitu vidogo, moja ya spidi, mbili za saa ya bluu, moja yako. Snapseed, apu ya kurekebisha picha, ni ya bure na inatosha: shusha mwanga mkali kidogo, nyoosha mstari wa upeo, na rangi usiziongeze. Taa za raidi zimeshapiga kelele tayari, ukiongeza rangi ngozi za watu zinageuka machungwa. Ngozi ndio kipimo. Rekebisha mpaka mtu afanane na vile alivyo, halafu acha taa zikae zitakavyokaa.

Kisha tuma zile ulizoahidi, kwa mama wa mtoto wa ubaoni na kwa opareta wa kile kishikio. Opareta hasa usimsahau, yuko pale kila wikendi na wageni wanapiga kila kitu isipokuwa yeye. Ukirudi na kamera mwezi ujao, ndiye atakuambia raidi gani imeongezwa taa mpya na saa ngapi wanaziwasha.